Mzee wa Barazani na Mama wa Mahamri: Kazi ya Mwigizaji wa Nafasi Ndogo

Karibu kila filamu inayopigwa Lamu ina mzee wa barazani. Mhusika mkuu ameshuka gatini na begi lake, anatafuta nyumba asiyoijua, anamuuliza mzee, mzee anamwelekeza, hadithi inasonga. Maneno ya mzee hayafiki ishirini, na mtazamaji wa mbali hatamkumbuka. Lakini mzee huyo akiinuka kumlaki kijana ambaye hata salamu hajatoa, au akimwambia "nenda moja kwa moja kisha ukate kulia" katika mji ambao watu huelekezana kwa misikiti na kwa majina ya wenye nyumba, watazamaji wa Mkomani na Langoni, mitaa ya Lamu mjini, watajua papo hapo kwamba hadithi imetungwa na mtu asiyewajua. Kuanzia hapo hata mhusika mkuu hawamwamini.

Mzee huyo ana ndugu zake: mama anayekaanga mahamri, nahodha, koplo wa polisi, somo (kungwi) wa bi harusi, karani wa forodhani, mgonjwa wa kitanda cha pili. Wapo watu ambao maisha yao yote ya uigizaji ni kuwa hao. Ni kazi yenye ufundi mzito, na vijana wengi wa Lamu na Malindi wanaoitamani hawajapata mtu wa kuwaeleza inavyokwenda.

Kwanza tutenganishe makundi, maana huchanganywa hata na wanaolipa mishahara. Ekstra ni yule anayejaza mandhari: anapita na punda, ananunua samaki, anaswali safu ya nyuma. Hana mstari, na kwenye skripti huandikwa "mvuvi wa kwanza" au "mwanamke sokoni". Juu yake yuko mwenye mstari mmoja au miwili, ambaye tayari ni mwigizaji na anastahili kulipwa kama mwigizaji. Kisha yuko mwenye nafasi ndogo iliyo kamili: mhusika mwenye jina, mwenye jambo analolitaka, anayeonekana mara tatu au nane na kubadilisha mkondo wa hadithi kila anapotokea. Mwigizaji anayeishi kwa nafasi za namna hii ndiye tunayemzungumzia. Mwezi huu ni kadhi, ujao ni mpishi wa jahazi, mwakani ni baba mkwe mwenye kinyongo. Uso wake unafahamika, jina lake mara nyingi halifahamiki.

Kwa wenzetu wa Marekani heshima ya kazi hii ilichelewa. Tuzo za Oscar zilianza mwaka 1929, lakini waigizaji wasaidizi hawakupata tuzo yao mpaka zilipotolewa zawadi za filamu za mwaka 1936. Mwanamume wa kwanza kuipata alikuwa Walter Brennan, aliyeipata mara 3 katika miaka 5. Brennan alipoteza meno yake mengi kwa ajali angali ekstra, na msiba huo akaufanya chombo cha kazi: akivua meno ya bandia alikuwa mzee wa miaka 70, akiyavaa alirudi kuwa mtu wa makamo. Thelma Ritter, aliyeingia kwenye filamu akiwa ameshapita miaka 40, aliteuliwa mara 6 kwa nafasi za wajakazi, mama na wauzaji, na hakushinda hata mara moja. Hapa Kenya, tuzo za Kalasha nazo zina fungu la waigizaji wasaidizi, na kijana wa pwani anayetaka kujifunza atapata faida zaidi kwa kuwatazama walioteuliwa katika fungu hilo kuliko kuwatazama vinara.

Mfano wa karibu zaidi ni marehemu Benson Wanjau, aliyejulikana kote kama Mzee Ojwang na kufariki mwaka 2015. Alikuwa nguzo ya kipindi chake cha televisheni, si mtu wa pembeni, lakini ufundi wake ulikuwa uleule. Alizaliwa Mkikuyu, na kwa miongo mingi alizungumza mbele ya kamera kwa lafudhi ya Kijaluo bila kuteleza, hata watazamaji wengi wakaamini ndivyo alivyozaliwa. Mtu hapati lafudhi hiyo kwa kuchekesha. Huipata kwa kusikiliza miaka na miaka.

Kusoma skripti kwa thumuni

Skripti ya filamu hukadiriwa hivi: ukurasa mmoja ni dakika moja ya filamu, na kila ukurasa hugawanywa thumuni nane, yaani sehemu nane sawa. Ukipewa nafasi, kitu cha kwanza ni kuhesabu. Tuseme wewe ni nahodha mwenye mandhari nne, yaani maonyesho manne: moja ya thumuni 3, moja ya thumuni 6, moja ya thumuni 2, na moja ya thumuni 9. Jumla ni thumuni 20, yaani kurasa mbili na nusu. Dakika mbili na nusu za filamu, basi. Hesabu hii inakuambia mambo mawili. La kwanza, huna nafasi ya kumjenga mtu polepole. Nahodha lazima aingie akiwa ameshakuwa nahodha kabla ya neno la kwanza. La pili, angalia mandhari hizo zinapigwa wapi. Kama mbili ni za gatini na mbili za ndani ya nyumba, zitapigwa siku tofauti, pengine wiki tatu mbali, na bila kufuata mpangilio wa hadithi. Ya mwisho inaweza kupigwa kwanza.

Hapo ndipo wengi wa kwetu huharibikiwa, na mhalifu huwa ni hina. Mzee aliyepaka ndevu hina siku ya kwanza, akirudi baada ya wiki tatu mizizi imeshatoka nyeupe. Bi harusi aliyepambwa hina na piko, ile rangi nyeusi, mikononi, rangi imefifia ndani ya wiki moja au mbili, lakini kwenye hadithi ni jioni ileile. Dawa yake ni picha: piga picha za ndevu, mikono, miguu na kucha kwa simu yako siku ya kwanza kwenye mwanga wa jua, uweke tarehe, na umkumbushe mtu wa maleba (mavazi ya wahusika) siku mbili kabla ya kurudi. Usimwachie peke yake. Ana watu arobaini.

Baada ya kuhesabu, chukua kila mandhari uijibu kwa kalamu: mtu huyu alikuwa anafanya nini dakika tano kabla, anataka nini sasa, na anaficha nini? Swali la tatu ndilo lenye utajiri. Mzee wa barazani anayemwelekeza mgeni anaweza kuwa anajua kwamba mwenye nyumba amekimbia deni. Skripti haisemi. Ukilijua wewe, utamwangalia mgeni muda kidogo zaidi kabla ya kujibu, na muda huo mdogo ndio utakaobaki kwenye filamu.

Mistari usiikariri ukiwa umekaa. Rekodi kwenye simu maneno ya wenzako, acha kimya penye maneno yako, kisha jibu huku unakuna nazi, unafunga kamba au unapepeta mchele. Mistari inayokuja ukiwa umetulia tu hupotea mara mikono inapopewa kazi, na nafasi ndogo karibu zote huwa na kazi ya mikono. Mwelekezi hataki uketi bure barazani. Atakupa wavu au tasbihi.

Ulimi

Hapa tukae kidogo, maana ndipo mwigizaji wa Lamu ana mali ambayo mwingine hana, na ndipo anapoipoteza. Kiamu, lahaja ya Lamu, husema ndia, mato, kitwa, nti, mai, yuu, kuya na ndoo pale ambapo Kiswahili sanifu husema njia, macho, kichwa, nchi, maji, juu, kuja na njoo. Kibajuni kina njia yake tena, na anayesema "mchu" kwa maana ya mtu si mtu wa Lamu mjini; ukimchanganya na Muamu umebadilisha kijiji chake, asili yake na pengine chombo anachovulia. Kimvita cha Mombasa kiko karibu na Kiamu kwa maneno mengi lakini mwendo wa sauti ni mwingine.

Skripti nyingi huja zimeandikwa kwa Kiswahili sanifu, au kwa Kiswahili cha Nairobi kilichovalishwa kanzu. Mstari unasema: "Alipanda jana, maji yakijaa." Nahodha wa Lamu angesema: "Alipanda yana, mai yakiyaa." Je, useme vipi? Kanuni inayofaa ni kuchagua sifa tatu au nne za lahaja na kuzishika toka mandhari ya kwanza hadi ya mwisho. Chagua zile ambazo muktadha unazibeba. "Mai" ataielewa mtu wa Kisumu kwa sababu bahari iko nyuma yako. Neno la ndani sana kuhusu sehemu ya tanga litampotea, na akipotewa na neno ataacha kusikiliza sentensi. Andika orodha ya maneno yako kwenye karatasi moja, mpe mwelekezi na mtu wa sauti. Kosa linaloumiza masikio kuliko yote ni kusema "ndia" asubuhi na "njia" jioni, maana mhariri ataziweka sekunde chache kutoka moja hadi nyingine.

Salamu nazo ni ulimi. Mwandishi wa mbali huweka "shikamoo" kila mahali. Lamu ya watu wazima asubuhi ni "sabalkheri", mchana na jioni ni "masalkheri", au "asalaam aleikum" inayomalizwa jibu lake kabla ya jambo lolote. Mtoto wa ndugu humwita mzee "ami", hamwiti "mzee" mbele ya watu. Nyumbani napo kuna mpaka: mgeni hubisha hodi na kungoja daka, yale mabaraza ya mlangoni, hapandi mpaka kiwandani, ua wa ndani, kabla ya kukaribishwa na kabla wanawake hawajapewa nafasi ya kujisitiri. Skripti ikimwingiza mgeni mbio mpaka ndani, mwambie mwelekezi. Mwambie siku ya mazoezi, kwa upole, ukiwa na pendekezo mkononi: "Akibisha hodi pale daka nami nikamjibu nikiwa ndani, tunapata mandhari ileile na watu wa hapa watairidhia." Siku ya kupiga, watu thelathini wakisubiri na jua likipanda, hilo hilo linakuwa ubishi.

Mwili wa mtu mwingine

Kijana akipewa mzee, hupinda mgongo na kutetemesha mkono. Wazee wa kweli hufanya kinyume: huuficha udhaifu. Mtazame mvuvi wa miaka 70 akiketi barazani. Mkono hutangulia kulitafuta jiwe, ndipo mwili unageuka, ndipo anaketi, na macho hayaangalii chini hata mara moja. Akiinuka, viganja husukuma mapaja, anasimama tuli kidogo kama anayekumbuka jambo, kisha hatua ya kwanza ni fupi na ya pili ni ya kawaida. Huo utulivu mdogo ndio uzee. Kutetemeka ni ugonjwa, na kama skripti haikutaja ugonjwa, usiulete.

Mtu wa baharini utamjua kwa miguu iliyoachana, kwa macho yaliyofinywa na mng'ao wa maji hata akiwa kivulini, na kwa mikono inayofunga kamba bila macho kushuka. Ukipewa unahodha na hujawahi kushika usukani, nenda ukae chomboni siku tatu au nne kabla ya kazi. Jifunze kupanga mikono kwenye demani, kamba ya kuongozea tanga, na jifunze mwili unafanya nini chombo kinapobisha na tanga kuhamishwa upande wa pili: mabaharia huanza kuinama kabla foromali, gogo linalobeba tanga, haijapita, kwa sababu sauti ya tanga imewaambia. Mwigizaji anayeinama baada ya kuiona foromali ameshajitangaza kuwa abiria. Na hili ni la usalama pia, maana gogo lile haliulizi nani analipwa kuigiza.

Mama wa mahamri naye ana mkono wake. Kugeuza mahamri kwenye karai huku ukimjibu mteja na kuhesabu chenji ni mambo matatu kwa pamoja, na mwigizaji asiyewahi kufanya hivyo husimama kupika kila anaposema. Fanya zoezi kwa mafuta ya moto halisi nyumbani, lakini kwenye seti omba mafuta ya vuguvugu na mahamri yaliyokaangwa kabla. Baada ya teki ya tano, yaani kupigwa mara ya tano, uangalifu hupungua.

Leso, kanzu na kipaza sauti

Leso mpya ina wanga. Inapiga kelele ukigeuka, na kipaza sauti kidogo kilichobandikwa kifuani kitaisikia kuliko kinavyokusikia wewe. Ifue mara mbili au tatu kabla ya siku. Kanzu vilevile, mwambie mtu wa maleba asiitie wanga upande wa kifua. Buibui la hariri bandia husuguana na nguo ya ndani. Kitambaa cha pamba katikati hupunguza mkwaruzo huo.

Jina la leso husomeka kwenye skrini. Mama aliyenyamaza huku leso yake inasema "Wema hauozi" ameshazungumza, na watazamaji wa pwani watayasoma maneno hayo kabla hawajaangalia uso. Chagua leso inayofaa mandhari, na kama maandishi yanapingana na hadithi, geuza au kunja. Kwa hadithi ya zamani kuwa mwangalifu zaidi: abaya za siku hizi si buibui la zamani lililofungwa kichwani, na mwaka wa hadithi ukiwa 1960 abaya yenye nakshi za vito ni kosa lisilofutika. Kikoi cha mvuvi anayesukuma mashua hakining'inii mpaka kifundoni. Hukunjwa juu au hupigwa ubinda. Kofia ya vito, ile iliyodariziwa kwa mkono, ni ya Ijumaa, harusi na maulidi, na mtu hatengenezi mashine ya boti akiwa ameivaa.

Siku ya kazi kisiwani

Lamu hapana malori ya vifaa. Kamera, taa na chakula hupita kwa boti, mikokoteni na migongo ya punda, na ratiba nzima inatawaliwa na maji. Kati ya kujaa na kukauka ni kama saa sita. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kukauka kupita siku nyingine, tofauti hufika mita 3 na zaidi, na maji hushuka kwa kasi zaidi katikati ya muda huo, saa ya tatu na ya nne. Mandhari ya gatini iliyoanza maji yakiwa ngazi ya juu, baada ya saa tatu ngazi kadhaa zimeshatoka na kijani chake. Mwigizaji mwenye mistari michache huwekwa mwisho wa siku kwa sababu "yeye ni haraka", kisha inagundulika kwamba bahari nyuma yake si ile iliyo nyuma ya mhusika mkuu. Kukirudiwa kesho, wito wa kazi ucheleweshwe kama dakika 50, maana ndivyo maji yanavyochelewa kila siku. Wewe uliyezaliwa hapa unalijua hilo bila kitabu. Lisemee mapema kwa msaidizi wa kwanza wa mwelekezi, ndiye mwenye saa. Na mstari wa "mai yakiyaa" usipigwe nyuma yako pakiwa tope tupu.

Mwanga mzuri ni kati ya saa 12 na nusu na saa 3 asubuhi, kisha kuanzia saa 10 alasiri. Adhuhuri jua likiwa utosini macho ya mtu mwenye kofia hugeuka mashimo mawili. Saa hizo hufaa mandhari za ndani, na nyumba za matumbawe zina kuta nene zinazorudisha sauti. Sema kwa sauti ya kawaida ya chumbani, usiongeze. Adhana ikianza, kazi husimama mpaka imalizike. Misikiti ni mingi na haianzi kwa sekunde moja, kwa hiyo hesabu dakika kadhaa, nenda kivulini, usiache hali ya mhusika ikutoke kwa mazungumzo ya simu.

Mbele ya kamera yenyewe, kwanza hupigwa mandhari nzima kwa upana, kisha kamera husogea karibu kwa kila mtu. Ulichofanya kwenye picha pana lazima ukirudie: kikombe mkono wa kulia, mnywo wa kwanza baada ya neno "yana", tasbihi goti la kushoto. Kama hutaweza kukumbuka, fanya machache. Mnywo mmoja wa kahawa uliopangwa vizuri una thamani kuliko minne ya kubahatisha, na mandhari ya kula halua hupigwa labda teki 9, kwa hiyo chukua kipande cha ukubwa wa punje ya mahindi. Kamera ikiwa karibu usimdandie mwenzako maneno, mhariri hataweza kukata. Alama ya kusimama huwekwa kwa utepe sakafuni. Kwenye mchanga wa Shela utepe haushiki, omba kome au kijiti kilichochomekwa, na uifikie kwa kuhesabu hatua badala ya kuangalia chini.

Kishawishi kikubwa cha mwenye nafasi ndogo ni kupachika maneno na vitendo ili aonekane. Akikohoa, akicheka, akiongeza methali, anafikiri ameng'ara. Chumba cha uhariri hukata vitu hivyo kwanza, na mara nyingine hukata mandhari pamoja navyo. Anayeitwa tena ni yule aliyesikiliza. Kusikiliza kwa uso mzima wakati mhusika mkuu anasema ndiko kunakompa mhariri mahali pa kukimbilia, naye atakimbilia kwako tena na tena.

Mkate

Kazi hii haina mshahara wa mwezi. Ina siku. Na pwani ya kaskazini ina jambo lake: miezi ya kaskazi, takriban Desemba hadi Machi, bahari imetulia na mvua ni chache, kwa hiyo filamu huja. Watalii pia huja miezi hiyohiyo. Mwigizaji ambaye kazi yake ya pili ni kuongoza wageni au kuendesha mashua hupata mialiko yote miwili kwa wakati mmoja, kisha masika na kusi vinamkuta hana wowote. Kazi ya pili inayofaa ni ile isiyogongana na msimu: kushona kofia, useremala wa milango, ualimu wa madrasa, kuandika, kurekodi matangazo ya redio. Mwezi wa Ramadhani nao husogea nyuma kama siku 11 kila mwaka, na ratiba ya mwaka jana haifai mwaka huu.

Mkataba uandikwe kabla ya boti kung'oa nanga. Uonyeshe idadi ya siku, saa kwa siku, malipo ya siku ya kusubiri pale hali ya hewa inapozuia kazi, nani analipa boti, chakula na malazi, tarehe ya malipo, na picha zako zitatumika wapi: filamu peke yake, au pia matangazo na intaneti, na kwa muda gani. Uonyeshe kwamba mandhari yako ikikatwa bado unalipwa, na kwamba jina lako litaandikwa mwishoni. Karatasi inayoletwa alfajiri kwenye seti huku watu wanaita "haraka haraka" ipigwe picha kurasa zote kabla ya saini. Kwa mujibu wa Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, wapiga filamu wanahitaji leseni, na kampuni ya kigeni hupitia wakala aliyesajiliwa nchini. Kumuuliza wakala ni nani si ufidhuli, maana ndiye utakayemtafuta malipo yakichelewa. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inamtambua mwigizaji kuwa mwenye haki katika uigizaji wake, na kuna chama chenye leseni cha kukusanya malipo ya watendaji; uliza ni kipi kwa sasa. Jisajili mapema, ukiwa bado na kazi moja tu ya kuonyesha.

Umaarufu na pesa ni vitu viwili. Barkhad Abdi, mzaliwa wa Mogadishu aliyekuwa dereva huko Minneapolis, aliigiza mkuu wa maharamia katika filamu yake ya kwanza, akapata tuzo ya BAFTA ya Uingereza na kuteuliwa kwa Oscar mwaka 2014. Iliripotiwa kwamba malipo yake yalikuwa dola 65,000, ambazo ni fedha nyingi Lamu lakini hazimtunzi mtu miaka mingi Marekani. Kilichofuata ndicho cha kuigwa: alichukua nafasi ndogo moja baada ya nyingine, za watu tofauti, mpaka akawa mwigizaji mwenye kazi badala ya kuwa yule haramia.

Hapa pana swali linalowahusu vijana wetu moja kwa moja. Nafasi zinazoletwa pwani ya kaskazini mara nyingi ni tatu: mvuvi, mganga, gaidi. Katika kaunti iliyozika watu baada ya mashambulizi ya Mpeketoni mwaka 2014, na ambayo vijana wake wameulizwa vitambulisho barabarani kwa sababu ya kanzu na ndevu, nafasi ya tatu si mchezo. Sisemi ikataliwe daima. Isomwe skripti nzima, si kurasa zako tu. Angalia kama mtu huyo ana mama, ana sababu, ana neno lolote ambalo si kitisho. Angalia kama kuna Mswahili mwingine kwenye hadithi ambaye ni mtu wa kawaida. Kama hakuna, umeombwa kukopesha uso wako kwa tuhuma, na uso huo utautembeza vichochoroni kesho. Kwa wanawake hesabu ni nyingine: mandhari zinazohusu kugusana, mavazi na kulala nje zijadiliwe na kuandikwa mwanzoni kabisa, na aende na mtu wa kwao. Mwelekezi anayejua kazi yake atakubali. Nafasi za somo, mpambaji, bibi mwenye nyumba, muuza leso na mama mkwe ni tajiri kuliko za wanaume, na wanaozifanya vizuri ni wachache mno.

Kupata nafasi huanza na video ya dakika moja na nusu. Simu ilale kwa ubavu, dirisha liwe mbele yako na si nyuma, uchague muda usio na adhana wala punda. Sema jina, mji, urefu na lugha unazozijua. Kisha watu watatu, bila kukata, sekunde 20 kila mmoja: mmoja anayeomba, mmoja anayeficha, mmoja anayecheka msibani. Usitie muziki. Usijipodoe. Itume kama faili, maana WhatsApp ikiipokea kama video huibana mpaka macho yasionekane. Ongeza picha mbili, ya uso na ya mwili mzima, na uzibadilishe kila unapofuga au kunyoa ndevu.

Jambo la mwisho hufanywa siku yenyewe ya kumaliza, kabla ya boti ya kuvuka kwenda Mokowe, bara, kuondoka. Upepo wa Lamu huharibu sauti za nje, na miezi mitatu baadaye studio ya mjini itakuita urudie mistari yako kwenye chumba kilichofungwa, au, mbaya zaidi, itamwita mtu mwingine mwenye lafudhi nyingine. Mwombe mtu wa sauti dakika kumi. Ingieni nyumba yenye kuta nene, mfunge milango, useme mistari yako yote mara tatu kwa mwendo uleule uliotumia mbele ya kamera, na lile neno "yakiyaa" ulitamke vilevile mara zote tatu.